Hakuna Aliyempa Kura Kishindo

Ipo nchi ambayo wenyewe huiita Jamhuri ya Adabu, na wageni waliopita huko hawaikatalii jina hilo. Polisi wake hawampigi mtu rungu kabla ya kumwomba radhi. Anayekuja kukubomolea nyumba huanza kwa kuuliza habari za watoto, na hashiki sururu mpaka ajibiwe kwamba ni wazima. Katika nchi ya namna hiyo hakuna anayemchukia jirani yake. Na akimchukia, hamwambii.

Sikudhani aliingia nchini humo akiwa mchanga, mgongoni mwa mama yake. Alikua humo, akajifunza ususi humo, akaolewa humo na fundi baiskeli aitwaye Pandu. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, Mtaa wa Heshima, na hakukuwa na mwanamke wa mtaa huo ambaye hajawahi kukaa mkekani akaegemeza kichwa magotini pake. Lakini mama yake alikuwa ametoka upande wa pili wa Mto Mdodo, na kwa sheria ya Jamhuri mtoto hufuata alikotoka mama. Basi Sikudhani alikuwa Mng'ambo, ingawa huko ng'ambo kwenyewe hakukujua. Alikuwa amekuona tu kutoka ukingoni: miti, moshi wa majiko, na watu wadogo wakifua nguo.

Kwa kuolewa na Pandu alipata haki ya kupiga kura. Aliithamini haki hiyo kuliko mahari. Kila uchaguzi alivaa kanga mpya, akawahi kituoni kabla hata ya wasimamizi.

Mwaka huo akajitokeza mgombea mmoja, Bwana Kishindo, mwenye sera moja tu: Wang'ambo wote warudishwe kwao. Unga umepanda bei? Wang'ambo wameula. Mvua hazijanyesha? Wang'ambo wamezizuia. Zimenyesha mno? Wamezichokoza. Mikutano yake haikuhudhuriwa na mtu. Alisimama peke yake katika uwanja wa mpira, mbele ya viti vitupu na mbuzi waliokuwa wakila majani kwenye goli, akapaza sauti: "Nawasalimu nyote ambao hamkuja! Najua mpo!"

Watu walimcheka sana. Walimchekea majumbani mwao, madirisha yakiwa wazi kidogo ili wasikie vizuri.

"Mwehu yule," alisema Kidawa, jirani wa Sikudhani na rafiki yake wa tangu usichana, huku akisukwa. "Nani mwenye akili zake atampa kura? Labda mbuzi."

"Mbuzi hawajajiandikisha," akajibu Sikudhani, na saluni nzima ikaangua kicheko.

Pandu, aliyekuwa nje akiziba pancha, hakucheka. Siku hizo alikuwa na kinyongo. Vijana wa King'ambo walikuwa wamefungua karakana pale pembeni, wana pampu ya umeme, na wateja wake walikuwa wakimpita huku wakimpungia mkono kwa adabu.

"Sisemi wewe," alimwambia mkewe kila alipoanza kulalamika. "Wewe ni wetu. Nasema hao wengine."

Sikudhani alimsikia, akaendelea kupepeta mchele.

Wizara ya Maoni ilipita nyumba hadi nyumba ikiuliza nani anamuunga mkono Kishindo. Hakupatikana hata mmoja. Waziri alitangaza redioni kwamba, kwa mara ya kwanza katika historia ya sayansi ya maoni, mgombea amepata sifuri kamili, na kwamba sifuri hiyo imehakikiwa na wataalamu wawili, mmoja wao akiwa amesomea nje.

Halafu watu wakaenda kupiga kura.

Matokeo yalipobandikwa ukutani pale shuleni, Sikudhani alifika miongoni mwa wa kwanza. Alisoma, akafikicha macho, akasoma tena. Mheshimiwa Rais, Mtaa wa Heshima: kura tisa. Kishindo: zaidi ya mia tatu. Kwingineko nchini wagombea wadogo walikuwa wamemega kura, kiasi kwamba hakuna aliyefikisha nusu, na sheria ilitaka duru ya pili kati ya hao wawili.

Watu walizidi kujaa nyuma yake. Kila aliyefika alisoma, akashika kifua.

"Mungu wangu! Ni akina nani hawa?"

"Katika mtaa wetu huu?"

"Mimi siwezi kuamini. Siwezi kabisa."

Sikudhani aligeuka taratibu, akawatazama mmoja mmoja. Nyuso zote zilikuwa na huzuni, tena huzuni ya kweli. Wapiga kura zaidi ya mia tatu walikuwa wamesimama naye hapo, na kila mmoja alikuwa akimpa pole.

Siku iliyofuata saluni ilijaa kuliko siku ya kuamkia Idi. Hakuna aliyekuwa na haja ya kusukwa. Walikuja, kila mmoja, kumwambia kwamba katika kura zile tisa, moja ilikuwa yake.

"Mimi ni mmoja wa wale tisa, dada," alisema wa kwanza.

"Mimi pia, haki ya Mungu," akasema wa pili.

Kabla ya adhuhuri wale tisa walikuwa wameshazidi ishirini. Sikudhani aliitikia asante, asante, na vidole vyake vikaendelea na kazi. Ila kazi ilikuwa imebadilika. Alipokuwa akigawa nywele kwa chanuo na kuona ngozi nyeupe ya utosi, alijiuliza: humu ndani kuna nini? Alikuwa amekishika kichwa hiki miaka yote. Alijua kina kovu wapi, kina mba wapi, mvi zilianzia wapi. Zaidi ya hayo hakujua kitu. Mteja mmoja akapiga kelele, "Unanivuta!" na kumbe kweli alikuwa akimvuta.

Jioni alimuuliza Pandu, "Wale tisa ni akina nani?"

Pandu alikuwa akinawa grisi mikononi. "Mimi na wewe," alisema bila kuinua kichwa. "Kidawa. Wengine sijui."

"Nami nilidhani hivyo," akasema Sikudhani, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akapumua.

Serikali ilighadhibika. Haikughadhibikia nia ya kuwafukuza Wang'ambo, kwa kuwa jambo hilo halikuwa limejadiliwa na kamati yoyote. Iliumia kwa ajili ya ile sifuri. Wananchi walikuwa wameidanganya Wizara, na kuidanganya Wizara ni utovu wa adabu. Ikaundwa Tume ya Kuwatafuta Waliompigia Kura Bwana Kishindo, mwenyekiti wake Dokta Ufasaha, mtu mrefu mwenye tai mbili, moja ya kazi na moja ya akiba.

Tume ilifika Mtaa wa Heshima na chombo cha kisasa cha kugundua uongo, yaani kipimajoto. Dokta Ufasaha aliwaeleza wakazi waliokusanyika nje ya saluni:

"Ndugu wananchi! Kwa mujibu wa utafiti, na kwa kuzingatia muktadha, na pasi na kuathiri yale yatakayosemwa baadaye, mwongo huchemka kwapani. Msema kweli hubaki wa vuguvugu. Kila mmoja ataweka chombo hiki kwapani na kutamka: Sikumpa Kishindo. Tafadhalini."

Walipita mmoja mmoja. Mtendaji wa mtaa, Bwana Makame: vuguvugu. Bi Mashavu, ajuza wa mtaa mwenye magoti mabovu: vuguvugu. Kidawa, mwanawe mgongoni: vuguvugu, na mtoto vilevile. Pandu alipokea kipimajoto. Alikuwa ametoka kujimwagia maji kichwani kwa sababu ya jua. Vuguvugu.

Ikafika zamu ya Sikudhani. Tangu matokeo yatoke hakuwa amelala vizuri. Moyo ulimwenda mbio alipowaona polisi wawili wamesimama nyuma ya Dokta, marungu wameyafutika makwapani, wakimtabasamia. Aliweka chombo, akatamka maneno. Dokta Ufasaha alikitazama, akakikung'uta, akakitazama tena.

"Huyu anaungua," alisema.

Halafu Sikudhani akasikia kitu ambacho hatakisahau: mtaa mzima ukishusha pumzi kwa pamoja.

"Mimi ni Mng'ambo, Dokta," alisema. "Nitampaje kura mtu anayetaka kunifukuza?"

"Hilo ndilo linaloitia Tume mashaka zaidi," akajibu Dokta kwa upole. "Unafanya kazi gani?"

"Msusi."

"Ahaa. Vidole vyepesi." Akawageukia wenzake. "Vinatosha kutumbukiza zile kura mia tatu."

Sikudhani alitafuta uso wa mumewe katika umati. Pandu alikuwa amesimama karibu na mlango, maji yakimtiririka kutoka nyweleni hadi shingoni. Midomo yake ilifunguka. Sikudhani akangoja. Midomo ikafumbwa.

Jina lake lilisomwa redioni baada ya taarifa ya hali ya hewa. Adhabu ilikuwa onyo la heshima, na marufuku ya kutoka nje ya mtaa mpaka uchaguzi uishe. Majirani walianza kumiminika, mikononi wamebeba vyakula vilivyofunikwa kawa.

"Tumekusamehe, mwanangu," alisema Bi Mashavu, akimpapasa shavu. "Binadamu hukosea."

"Bi Mashavu, sikumpa!"

"Tunajua, tunajua. Kula."

Pandu hakula. Alisema ana kichomi, akalala kitandani ameelekea ukutani, mchana kweupe. Sikudhani alimkanda mgongo kwa mafuta ya nazi, akamwambia asijitese kwa ajili yake, mambo yatapita. Mgongo ule ulikuwa mgumu kama mlango.

Katika duru ya pili serikali ilikuja na ufumbuzi. Kura ya siri imeleta siri, alisema Mheshimiwa Rais; basi siri iondolewe. Safari hii wananchi watapanga foleni hadharani, kila mmoja nyuma ya picha ya anayemtaka, mbele ya macho ya jirani zake. "Nani," aliuliza Rais, "atakayethubutu?" Washauri wake wakajibu kwa pamoja kwamba hakuna.

Asubuhi ya uchaguzi, kiwanja cha shule kilikuwa na picha mbili juu ya vigingi. Nyuma ya Rais kulikuwa na msururu uliofika getini. Nyuma ya Kishindo hapakuwa na mtu, ila wakala wake aliyeketi akila karanga. Sikudhani alisimama katikati ya msururu, Kidawa mbele yake, Pandu nyuma yake. Alikuwa amevaa kanga mpya. Alianza kuamini.

Jua likapanda. Msimamizi alikuwa hajaanza kuhesabu, maana hotuba ya kufungua zoezi ilikuwa haijaisha. Watu walianza kubadilisha miguu. Ndipo Bi Mashavu akasema, kwa sauti ya kujisemea tu:

"Jamani, magoti yangu. Ile foleni ya kule ni fupi."

Ajuza akajitoa mstarini, akavuka kiwanja akichechemea, akasimama nyuma ya picha ya Kishindo. Alitazama mbele kana kwamba anangoja basi.

"Ngoja nikamshike, asije akaanguka," alisema Bwana Makame, akamfuata.

Kikapita kitambo.

"Mimi nimeacha maharage motoni," mama mmoja akasema. Akaenda.

"Kule naona kuna kivuli," akasema mwingine. Kivuli hakikuwepo. Akaenda.

Wakaanza kwenda wawili wawili, kisha kumi kumi, wote wakiombana radhi, wote wakipishana kwa adabu: samahani, nipishe, asante, foleni ile ni fupi. Foleni ile ikafika darasani, ikazunguka choo, ikatoka getini, na bado waliochelewa walipofika waliitazama, wakasema, "Tuingie hii fupi," wakaenda mwishoni mwake huko barabarani.

Kidawa alikuwa bado mbele ya Sikudhani. Shingo yake ilikuwa imekakamaa.

"Kidawa," Sikudhani akanong'ona.

Kidawa akageuka nusu. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Dada, usinifikirie vibaya. Nimemwacha mtoto peke yake nyumbani."

Mtoto mwenyewe alikuwa mgongoni mwake, akinyonya kidole, akimtazama Sikudhani. Aliendelea kumtazama hivyo hivyo mama yake alipokuwa akivuka kiwanja.

Sasa Sikudhani hakuona mtu mbele yake mpaka kwenye kigingi. Nyuma yake alisikia pumzi. Zilikuwa za Pandu, au zilikuwa za mtu mwingine, au zilikuwa zake mwenyewe? Aliogopa kugeuka. Alisimama akihesabu vifungo vya koti la Rais katika picha, akijiambia kwamba akigeuka na kukuta patupu ataanguka hapo hapo, na wote watakuja kumwinua kwa heshima.

Akageuka. Pandu alikuwepo, shati limemlowa, macho chini.

Sikudhani alimshika mkono wa shati. Hakuwa amewahi kumpenda kama alivyompenda wakati huo.

Dokta Ufasaha alipopita kukagua, alisimama mbele ya Sikudhani, akapekua kumbukumbu zake kichwani. "Bibi," alimwambia kwa huruma, "nadhani umekosea foleni. Yako ni ile."

Kishindo aliapishwa wiki hiyo. Sheria yake ya kwanza iliandikwa kwa lugha ya kupendeza. Wang'ambo wote, wake kwa waume, vijana kwa wazee, bila ubaguzi wa ndoa wala umri, wangeondoka kabla ya Ijumaa kupitia daraja la Mdodo. Na kwa kuwa nchi ni ya Adabu, kila mtaa ulitakiwa kuwafanyia sherehe ya kuwaaga, yenye pilau na hotuba zisizopungua mbili.

Mtaa wa Heshima haukufanya uchoyo. Walitandika mikeka mbele ya saluni, sufuria la pilau likanukia hadi kwenye ile karakana ya pembeni, ambayo milango yake ilikuwa tayari imepigiwa mbao. Bwana Makame alihutubia. Alisema Sikudhani ni nguzo, ni nuru, ni dada wa wote, na kwamba mtaa unaondokewa na vidole ambavyo havitapatikana tena. Alilia. Wanawake wakalia. Kidawa alilia mpaka akashikwa.

"Na sasa," alisema Bwana Makame, akifuta macho, "tumpe nafasi dada yetu naye aseme lolote. Shukrani au lolote."

Sikudhani alisimama. Mifuko yake miwili ilikuwa miguuni pake. Alikuwa amepanga kusema asante, kwa kuwa hakujua jinsi nyingine ya kusimama mbele ya watu hao. Lakini alipofungua mdomo, yalitoka mengine.

"Naondoka. Siwezi kumfanya mtu yeyote kitu. Basi naomba jambo moja. Aliyempa Kishindo kura, duru ya kwanza, anyooshe mkono. Nimwone tu."

Vijiko vikasimama. Mtu alikohoa. Bi Mashavu alijifunika mtandio usoni. Waliokuwa na pilau mdomoni hawakutafuna. Mikono yote ilikuwa mapajani, mamia ya mikono, imetulia kama ya watoto wanaopigwa picha.

Sikudhani akangoja. Alikuwa karibu kuinama achukue mifuko yake aliposikia mtu akisimama nyuma yake.

Pandu alikuwa ameinua mkono.

"Shusha mkono, usitanie," Sikudhani akasema.

"Mimi nilimpa." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Duru ya kwanza. Nilisema hatashinda, na hata akishinda, ni kwa wale wa karakana. Sikukuona wewe humo. Kwangu wewe si Mng'ambo, wewe ni mke wangu."

"Na siku niliyopimwa joto?"

"Nilijua."

"Na siku niliyosomwa redioni? Nikawa nakukanda mgongo?"

Machozi yalimtoka Pandu, hakuyafuta, kwa kuwa mkono bado ulikuwa juu na hakuna aliyemwambia aushushe.

Ndipo mtaa ukalipuka.

"Mwanaume gani wewe!" Kidawa alikuwa wa kwanza kusimama. "Mkeo wa ndoa!"

"Laana!" akapiga kelele Bi Mashavu, na alisimama bila kukumbuka magoti yake.

"Umeuchafua mtaa wetu!" Bwana Makame alinguruma. "Mtaa safi huu!"

Walimzunguka. Mmoja alishika mwiko wa pilau, mwingine alichomoa gogo jikoni likifuka moshi. "Samahani, ndugu Pandu," walisema. "Tuwie radhi." Kila mmoja alimwomba radhi kama desturi inavyotaka, na kila aliyemaliza kuomba alipiga hatua moja mbele. Sikudhani aliwatazama nyuso zao. Huzuni yote ilikuwa imekwisha. Walikuwa waking'aa, wepesi, kama watu walioshushiwa mzigo. Walikuwa wamempata mtu wao.

"Mpisheni," alisema.

Hawakumsikia.

"Mpisheni!" alipiga ukelele ambao haukuwa na adabu yoyote, na kwa kuwa hawakuwahi kusikia kitu kama hicho Mtaa wa Heshima, waliduwaa. Alichukua mifuko yake akapita katikati yao. Hakumwita Pandu. Lakini Pandu alimfuata, na kabla hawajazinduka walikuwa wameshafika barabara ya mto.

Darajani kulikuwa na askari kijana aliyewasabahi, akawaulizia afya, akauliza habari za safari. Kisha akamwelekezea Pandu kidole.

"Samahani, mama. Wanaovuka ni Wang'ambo na watu wao tu. Huyu kama si mtu wako atarudi alikotoka. Ni nani wako?"

Sikudhani aligeuka. Mbali, mwanzo wa barabara, kulikuwa na vumbi la watu wanaokuja, na kitu kirefu kilichoonekana mkononi mwa mmoja wao. Pandu aliliona pia. Hakumwomba. Alisimama tu, mikono imening'inia, akimtazama mkewe usoni kwa mara ya kwanza tangu kura zihesabiwe.

Askari alikohoa kwa adabu. "Mama?"

"Ni mume wangu," alisema Sikudhani. "Na sijamsamehe. Andika yote mawili."

Askari alitazama karatasi yake, akaigeuza upande wa pili. "Hilo la pili halina pa kuandikwa, mama."

"Basi andika la kwanza. La pili atalibeba mwenyewe."

Akamtupia Pandu mfuko uliokuwa mzito zaidi, akashika ule mwepesi, akatangulia kuelekea kwenye miti na moshi wa majiko ya nchi ambayo hakuijua. Nyuma yake alisikia mbao za daraja zikilia chini ya miguu ya mtu mwingine. Hakupunguza mwendo.